Nabii alimwona mwizi, kumbe mimi ndiye nilikosea hesabu

Naanza na aibu yenyewe: mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la tano, hapa Busia upande wa Uganda. Kikundi chetu cha maombi kilinifanya mweka hazina kwa sababu hiyohiyo. Tulikuwa tunachanga pesa za tenti na viti vya plastiki, maana kila msiba tunakodi. Siku ya kufungua sanduku, pesa zikapungua. Laki nne na kitu za Uganda hazipo.

Wiki ileile akaja mgeni, nabii. Akafumba macho, akatetemeka, akasema: "Namwona mwanamke. Ananuka samaki."

Jamani, Busia! Akina mama wangapi hapa wanauza mukene, wale dagaa ambao ng'ambo ya mpaka wanaitwa omena? Hata mfuko wangu wa madaftari unanuka samaki. Lakini usiku ule hakuna aliyecheka. Macho yote yalimwendea mama mmoja aliyekaa na ufunguo wa sanduku nilipokuwa nasahihisha mitihani. Nami, mwalimu mzima, nikasimama nikasema, "Bwana amesema." Yule mama alichukua kitenge chake akatoka bila neno, na watu kumi na mmoja wakamfuata.

Ndani ya kikundi tuna Wakatoliki, Waanglikana na walokole. Kule Namugongo mwaka 1886 mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto mmoja kwa ajili ya imani yao. Sisi tulivunjwa na tenti.

Miezi minne ikapita. Likizo ya Desemba nikaamua kunakili daftari upya, kwa sababu lilimwagikiwa chai. Hapo ndipo nilipoona. Hapa kwetu watu wanachanga kwa pesa waliyo nayo, ya Kenya au ya Uganda. Mchango wa Kenya ulipoingia, kama elfu kumi na tano hivi, niliuandika kwa thamani yake ya Uganda. Wiki iliyofuata nikaupeleka kwa wabadilisha pesa, nikarudi na noti za Uganda, nikaziandika tena kama mchango mpya. Pesa moja, mistari miwili. Hakukuwa na mwizi. Nabii aliona mtu ambaye hakuwahi kuwapo, nami nikampa jina.

Nilikaa na lile daftari mpaka mshumaa ukaisha. Yohana ameandika, "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho," na mimi nimelifundisha andiko hilo Jumapili si chini ya tano. Tena sisi Waganda hatuna kisingizio. Mwaka 2000 kule Kanungu mamia walikufa kwa kufuata waliojiita wajumbe wa mbinguni. Kuujaribu unabii ule kungegharimu kalamu na saa moja.

Ushauri niliopewa sasa! Mmoja akasema nifunge siku tatu, Mungu atamlainisha yule mama. Nikafunga. Nilichopata ni vidonda vya tumbo. Mwingine akasema, "Acha, damu ya Yesu imefunika, usifukue." Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote, kwa sababu karibu nimsikilize.

Nikaenda kwake usiku, peke yangu, kilo mbili za sukari na kuku mkononi. Nilijiona mnyenyekevu sana. Nikasema, "Mama, kama nimekukosea, naomba unisamehe." Alimtazama kuku, akanitazama mimi. "Mwalimu, ulinitukana mbele ya watu arobaini, leo unaniomba radhi jikoni gizani? Rudi na kuku wako." Kuku mwenyewe alinitoroka njiani, nikamkimbiza mpaka stendi ya bodaboda. Vijana walicheka wiki nzima.

Nikampelekea kilio mzee mmoja, mlokole wa kale, wa ule uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Hao wana desturi yao ya kutembea nuruni: kosa unalitaja kwa jina lake mbele ya ndugu. Aliniambia, "Mwanangu, hilo 'kama' litoe. Mathayo 18 inasema umwonye faraghani aliyekukosa wewe. Wewe ndiwe uliyekosa, tena hadharani." Kisha akanisimulia habari za Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, akatangaza kwamba amemsamehe Idi Amin, rais wa wakati ule.

Nilipomfikishia mama habari hiyo (kosa jingine, usimpelekee mtu uliyemuumiza hadithi za waliosamehe), akajibu, "Amin hakuwa anapita kibandani kwangu kila asubuhi akinunua mukene kwa jirani."

Lakini alikubali kuja Jumapili. Nikawaita wote, waliobaki na waliotoka, nikasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika kwenye ile mistari miwili nikampa mwanafunzi wangu wa darasa la tano ajumlishe kwa sauti. Akajumlisha, akasema, "Mwalimu, hii umeiandika mara mbili." Nikasema: "Nilimwita mama huyu mwizi. Nilisema ni Bwana amesema. Bwana hakusema." Niliketi miguu ikitetemeka.

Mama hakulia wala hakunikumbatia. Alisema, "Nimesikia," na Jumatano iliyofuata akaja kwenye maombi, akakaa nyuma. Miezi miwili hivi baadaye ndipo akaniambia amenisamehe, tena akiwa anapima mukene, bila kuinua macho. Na kipimo aliniongeza.

Watu wanne kati ya wale kumi na mmoja hawajarudi bado. Nabii alipiga simu akitaka tarehe nyingine, tukamwambia alete kwanza jina la mwizi wa safari ile. Tenti tumenunua. Daftari sasa anashika mama, lina safu mbili, ya Kenya na ya Uganda, na kila Jumapili ananiita mbele nihesabu. Mara mbili.