Majani ya nyanya yanapogeuka manjano wiki tatu kabla ya kuvuna

Mwanzoni mwa mwezi wa tano, miche yangu 120 ya nyanya katika kipande cha shamba ninachokodi upande wa Kabare, huku Kivu Kusini nchini Kongo, karibu na njia iendayo Mudaka, ilikuwa imebeba vichala vinne vinne, na matunda ya kichala cha kwanza yalikuwa yameanza kupoteza ukijani wake mzito na kupauka. Asubuhi moja mama tunayepakana naye aliniita kutoka ng’ambo ya mtaro: “Mwalimu, njoo utazame. Majani yako ya chini yanageuka manjano, nawe unapita tu. Tia urea leo, ukingoja kesho umechelewa.” Nilimjibu, “Asante, mama, nimeyaona,” kisha nikachuchumaa kati ya mistari kwa nusu saa nzima kabla ya kugusa mfuko wowote wa mbolea.

Nilikuwa na sababu ya kutofanya haraka. Katika msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo, wa mwaka uliotangulia, hapo hapo, niliona manjano ya namna hiyo, nikashikwa na hofu, nikanunua urea na kuitia kijiko kikubwa kwenye kila shina. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na mimea ambayo ilikuwa imekwisha kazi ya kukua iliipokea kana kwamba inaanza maisha upya: baada ya wiki mbili ilikuwa na majani mapana, laini, ya kijani cha giza, na machipukizi mapya kwenye kila kwapa, huku matunda yakibaki pale pale bila kuiva. Kisha vikatokea vitako vyeusi kwenye matunda ya kichala cha tatu, na mvua za mwisho zikaleta bakajani, ugonjwa wa madoa unaoozesha majani, juu ya majani yale laini. Nilipoteza zaidi ya nusu ya mavuno niliyoyatarajia. Mbolea haikuwa na kasoro. Nilitibu rangi bila kuuliza imetoka wapi wala zimebaki siku ngapi.

Tangu siku hiyo huanza kwa kutazama mahali dalili ilipo kwenye mmea. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho vinavyohama ndani ya mmea, kwa hiyo mmea unaokosa kimojawapo hukitoa kwenye majani yake ya zamani na kukipeleka kwenye ncha na kwenye matunda, ndiyo maana manjano huanzia chini. Kalsiamu, boroni na chuma havihamihami hivyo. Vikishajengwa ndani ya jani hubaki humo, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga ya juu au kwenye tunda lenyewe. Baada ya mahali hutazama umbo la manjano. Jani likipauka lote kwa usawa pamoja na mishipa yake, naitrojeni ndiyo inayokosekana. Mishipa ikibaki kijani huku nafasi zilizo kati yake zikiwa za manjano, ni magnesiamu. Ukingo wa jani ukiungua na kukauka kama uliopitishwa kwenye moto, ni potasiamu, na hilo hutokea hasa kwenye mmea uliozaa sana, kwa sababu matunda ya nyanya huvuta potasiamu kuliko kirutubisho kingine chochote.

Asubuhi ile niliyokuwa nimechuchumaa niliona kwamba manjano yalikuwa kwenye majani mawili au matatu ya chini kabisa, yale yaliyotoka mapema, yaliyofunikwa na kivuli cha wenzake na ambayo umri wake ulikuwa umepita miezi miwili. Kuanzia jani la nne kwenda juu mmea ulikuwa mzima, na ncha ilikuwa bado inakua polepole. Huo haukuwa ugonjwa wala njaa. Mmea unaoivisha matunda huyavua majani yake ya zamani akiba yaliyoiweka, na jani lililokwisha kazi hiyo halitarudi kuwa kijani hata ukilimwagia gunia zima. Niliyaondoa kwa mkono, siku isiyo na mvua, ili hewa ipite chini ya miche, na sikutia kitu.

Miche kumi na minane hivi ya mteremko wa chini, karibu na mtaro, ilikuwa na habari nyingine. Manjano yake yalikuwa kati ya mishipa, yamepanda hadi katikati ya shina, na vichala vya tatu na vya nne vilikuwa bado vidogo. Hapo kulikuwa na upungufu wa kweli wa magnesiamu, na sikushangaa, kwa sababu udongo wetu mwekundu wa Bushi, eneo letu hili, ni mfinyanzi mzito wenye tindikali, ambao mvua za miaka mingi zimeusafisha magnesiamu na kalsiamu yake. Fosforasi nayo udongo huo huishika na kuifunga kwenye madini ya chuma na alumini, hata mizizi isiifikie kwa urahisi. Lakini fosforasi ni chakula cha mwanzo, cha mizizi na maua, na rangi ya zambarau mtu anayoiona chini ya majani wiki tatu kabla ya kuvuna ni deni ambalo msimu huo hauwezi kulilipa.

Jambo ambalo naona wakulima wengi wadogo hatulifanyi, nami sikulifanya, ni kuhesabu siku. Kwenye baridi yetu ya milimani, tunda la nyanya huchukua siku 45 hadi 60 tangu ua lifunguke mpaka liive, na linapoanza kubadili rangi limekwisha kufikia ukubwa wake. Kila dawa ya upungufu nayo ina siku zake za safari. Urea iliyotiwa ardhini inahitaji kwanza vijidudu vya udongo viigeuze, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi. Maganda ya mayai yaliyopondwa, ambayo watu husifiana sana, huyeyuka kwa miezi. Samadi ya ng’ombe isiyoiva hutoa chakula chake kidogo kidogo kwa miezi vilevile, na ina hatari nyingine: matunda ya chini hugusa udongo, na nyanya huliwa mbichi. Kanuni za kilimo-hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mtu anayetandaza samadi mbichi chini ya nyanya zinazokaribia kuiva halishi nyanya. Anawapelekea wanunuzi wake magonjwa ya tumbo.

Basi kwa ile miche kumi na minane nilichagua njia fupi kuliko zote, ambayo ni jani. Nilichukua chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, gramu 20 kwa kila lita ya maji, nikainyunyiza jioni juu na chini ya majani kwa pampu ya mgongoni, nikarudia baada ya wiki mbili. Majani yaliyokwisha kuwa manjano kabisa hayakupona, wala sikuyatarajia yapone. Nilikuwa natazama yale yaliyo juu yake, ambayo yaliacha kufuata njia hiyo. Kama ingekuwa potasiamu, ningetia majivu ya kuni yaliyochekechwa, konzi moja kwa shina, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina lenyewe, kisha nimwagie maji, kwa kuwa potasiamu ya majivu huyeyuka upesi. Majivu hayo yasichanganywe na urea wala samadi, kwa sababu huifukuza naitrojeni ikapotea hewani, na pua yako itakuambia mara moja.

Kuoza kitako ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu ndiko kunakoeleweka vibaya zaidi. Doa huanza kama maji chini ya ngozi ya tunda, upande ulio mbali na kikonyo, kisha linakuwa jeusi, la bapa, gumu kama ngozi ya kiatu. Watu huliita ugonjwa na kununua dawa ya ukungu. Hakuna ukungu hapo mwanzoni. Kilichotokea ni kwamba kalsiamu haikufika kwenye kitako cha tunda wakati tunda lilipokuwa likinenepa kwa kasi, katika wiki mbili hivi za kwanza baada ya ua, nayo haikufika kwa sababu kalsiamu husafiri ndani ya maji tu, yanayovutwa na majani kutoka kwenye mizizi. Majani hutoa mvuke mwingi, tunda hutoa kidogo sana, hivyo maji yakipungua kwa siku tatu kisha yakaja kwa wingi, majani huchukua sehemu yao na tunda hukosa. Kalsiamu inaweza kuwepo ardhini na bado tunda likaoza. Na urea yangu ya mwaka ule ilizidisha mambo kwa njia mbili: amoniamu iliyotokana nayo ilishindana na kalsiamu mlangoni mwa mizizi, na majani mapya iliyoyaotesha yakavuta maji kuelekea kwao.

Tunda lililokwisha kupata doa halitibiki. Ling’oe, ili mmea usipoteze nguvu. Kuliokoa tunda la kichala kinachofuata kunawezekana, na kunafanyika kwa maji zaidi kuliko kwa mbolea. Mvua za mwezi wa tano hukatika ghafla kwetu, wiki moja inanyesha na nyingine jua linapiga, kwa hiyo nilitandaza majani makavu ya migomba chini ya miche yote, unene wa vidole vinne, na nilibeba maji ya mtaro kwa bidoni la lita 20 kila siku ya pili, kidogo kidogo na kwa kipimo kile kile. Kunyunyiza kalsiamu juu ya majani husaidia kidogo mno, kwa kuwa kilichoingia kwenye jani hakitoki tena kwenda kwenye tunda. Mwaka huu nilihesabu vitako vyeusi saba kwa miche yote 120.

Niongeze neno moja juu ya bakajani. Madoa yake ni ya kahawia yenye ukingo wa kijivu wenye maji, huonekana kwenye majani ya umri wowote, na asubuhi yenye unyevu huwa na unga mweupe chini ya jani. Hapo usifikirie mbolea hata kidogo.

Mama jirani alirudi mwishoni mwa mwezi, nilipokuwa napanga beseni la kwanza la kupeleka sokoni Kadutu, mjini Bukavu. Aliligeuza tunda moja mkononi, akatazama kitako chake, akaniuliza nilitia nini. Nilimwonyesha majani ya migomba, na ile miche kumi na minane, na nikamweleza kwamba kwa mingine yote sikutia chochote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi mimi nimeshatia.” Tulikwenda pamoja kwenye shamba lake, tukakata machipukizi yote mapya yaliyokuwa makwapani, tukatandaza majani ya migomba, na tukakubaliana kwamba maji yawe kila siku ya pili. Vichala vyake vya kwanza vilichelewa, ila vya tatu vilitoka vikiwa na vitako safi kuliko vyangu vya mwaka ule.

Kazi ya kalsiamu yenyewe nitaifanya mwezi wa nane, wakati mashimo ya msimu A, ule wa kwanza wa kilimo, yakiwa matupu. Nitatia konzi mbili za chokaa ya kilimo katika kila shimo, niichanganye na udongo hadi kina cha jembe, niiache wiki nne kabla ya kupanda, na samadi niliyoanza kuirundika sasa chini ya majani ya migomba itakuwa imeiva.