"Apple" si epo kila mahali

Ndugu zangu wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na Masasi mlio ughaibuni, lipo neno dogo la Kiingereza linalotuponza: "apple". Shuleni tuliambiwa ni tufaa, mitaani tunasema epo, basi. Kumbe Kiingereza cha kale kililitumia kwa matunda ya kila namna, na mabaki yake yapo mpaka leo. Nanasi ni "pineapple", topetope ni "custard apple", na bibo letu ni "cashew apple".

Hapo kwenye bibo pana kazi. Ukisema "cashew" peke yake, mwenyeji wako ataelewa korosho iliyokwisha kubanguliwa, maana bibo hajaliona. Huchacha siku moja au mbili tu baada ya kuanguka, kwa hiyo halifiki madukani huku. Taja "cashew apple", kisha ongeza kuwa korosho huning'inia chini yake, la sivyo atadhani ni aina ya epo. Kitaalamu tunda hasa ni ile korosho na ganda lake. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Jina lenyewe Waingereza walilipata kwa "caju" ya Wareno, nao Wareno waliitoa kwa Watupi wa Brazil. Neno letu kanju ni ndugu yake wa damu.

Anayetafutia wanunuzi korosho za nyumbani awe macho na neno "raw". Kwenye biashara ya jumla, "raw cashew nuts" ni korosho ghafi, na maganda yake, kama zinavyokwenda mnadani. Kwenye pakiti ya dukani, "raw cashews" ni zilizobanguliwa ila hazijakaangwa. Hizo nazo zimeshapita kwenye mvuke au moto, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi, jambo ambalo kila mbanguaji analijua. Kwenye barua andika "in shell" (zenye maganda) au "shelled" (zilizobanguliwa). Ukiacha neno hilo, mnunuzi ataelewa bei ya bidhaa nyingine kabisa.

Wasiokunywa pombe wawe waangalifu na "cider". Uingereza hicho ni kileo cha maepo. Marekani "apple cider" kwa kawaida ni juisi isiyochujwa, na yenye kilevi huitwa "hard cider". Soma kiasi cha alkoholi kwenye chupa kabla ya kuifungua.

"Adam's apple" ni kikoromeo, hakuna zaidi. Ila mtu akimwita mwanawe "the apple of my eye", usitafsiri epo la jicho langu. Zamani Waingereza waliita mboni "apple" kwa kuidhania kuwa kijitufe kigumu. Sema tu kama mama wa Lindi asemavyo: mboni ya jicho langu.