Kidole cha wakala

Leo nimetoka darasani nacheka mwenyewe kwenye daladala.

Nafundisha vijana 6 usalama wa mitandao, 4 wana digrii kabisa. Nikawapa logi za seva, yaani kumbukumbu za nani kajaribu kuingia na saa ngapi, nikawaambia mwizi yumo humu, mtafuteni. Wenye digrii wakakimbilia programu, huyu dada aliyekuwa wakala wa M-Pesa akashuka na kidole kwenye skrini kama anakagua daftari la miamala, mara akaniita, "Ticha, huyu kakosea nywila mara 212, ya 213 kaingia, tena saa 8 usiku!"

Alama ya kidole ipo mpaka sasa, sijaifuta.

Halafu matangazo ya kazi za kuanzia yanataka CISSP, cheti cha usalama wa mitandao ambacho chenyewe kinadai uzoefu wa miaka 5 😂

Nyie mliingiaje fani hii?