Mara ya mwisho ilichapa lini?

Nimechapa fulana Gerezani, Dar es Salaam, miaka 11, na karibu muda wote huo nilitumia filamu, yaani plastiki angavu yenye mchoro mweusi unaozuia mwanga. Kazi ya rangi moja haisumbui. Ikija ya rangi 6, hapo asubuhi yote inaishia kupanga filamu kwa jicho na kubandika selotepu, na ukikosea milimita moja tu, nyeupe inachungulia pembeni mwa nyekundu. Halafu kuna vumbi. Chembe moja ikikaa kati ya kioo cha meza ya mwanga na filamu inazuia mwanga, emalshani ya hapo (dawa inayopakwa kwenye wavu wa fremu na kugandishwa na mwanga) haigandi sawasawa, ukiosha fremu inatoboka tundu la sindano. Tundu hilo utalikuta kwenye fulana zote 200.

Ndiyo maana niliitamani mashine inayochapa wino mweusi moja kwa moja juu ya emalshani. Filamu inaondoka kabisa. Fremu inaegemea vizuizi 3, na kwenye meza ya kuchapia inaegemea pale pale, kwa hiyo rangi zinakutana zenyewe. Mpya sikuiweza. Nikatafuta iliyotumika.

Ya kwanza niliipenda kwa picha. Inang'aa, bei nusu ya nyingine, muuzaji yuko nje ya nchi. Nikatuma amana. Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wangu wa kompyuta, akauliza: "Mjomba, mara ya mwisho ilichapa lini?" Kumbe ilikuwa stoo miezi 8. Vitundu vya kichwa cha kuchapia ni vyembamba kuliko unywele. Wino ukikauka humo, huenda usifunguke tena, na kichwa ndicho sehemu ghali. Tukauliza pia ufunguo wa USB wa programu inayogeuza picha kuwa nukta. Muuzaji hakujua uliko. Bila ufunguo ule, nilikuwa nanunua kabati. Nilijitoa, na amana haikurudi. Iliniuma sana, maana ilikuwa mishahara ya vijana wawili.

Ya pili ilikuwa Uingereza, kwenye karakana iliyokuwa inahamia mashine kubwa zaidi. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, jambo lililoniokoa na transfoma. Nyingi za Marekani ni za volti 120. Nikaomba tuonane kwa video mashine ikiwa kazini. Kwanza wachape mistari ya kupima vitundu: mstari ukikatika, kuna kitundu kimeziba. Kisha wasogeze simu karibu na ule utepe mwangavu unaoiambia mashine kichwa kiko wapi, maana ukichubuka au ukipata mafuta, picha inatoka na michirizi. Nikaangalia na mpira unaofunika kichwa kikipumzika.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni hili: wachape msalaba mwembamba kwenye fremu, waitoe, wairudishe, wachape tena juu yake. Misalaba ikionekana miwili, vizuizi vimelegea. Wao ulionekana mmoja.

Nilisisitiza wautoe wino wote na kujaza maji ya kusafishia kabla ya kufunga kreti, kwa sababu safari ya meli ni ndefu na kontena lina joto. Bandarini jiandae: VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Mimi hesabu hiyo niliifanya mapema, na bado mfuko ulitikisika.

Kazi yetu ya kwanza ya rangi 6, kwenye wavu wa 77T (nyuzi 77 kwa sentimita), tuliipanga mezani kwa dakika 20. Nilisimama nikaiangalia ile nyekundu ikikaa juu ya nyeupe yake bila kuchungulia popote, nikamshika mpwa wangu bega.

Sasa kila asubuhi, kabla ya chai, anachapa mistari ya kupima vitundu. Siku ya Idi duka lilikuwa limefungwa. Nilitoka msikitini nikapitia, nikaichapa mwenyewe, nikafunga tena.