Senta Anayetoa Pasi: Msimu wa Tatu wa Kumlea Mnara

Katika mchezo wangu wa kompyuta wa kusimamia timu ya mpira wa kikapu, ripoti ya mazoezi ya wiki hii imetoka, na ndani yake kuna mstari mmoja nilioungoja wiki tano: ujuzi wa pasi wa Mnara umetoka ngazi ya 8 ukaingia 9. Nimeusoma mara tatu.

Kwa asiyemfahamu, Mnara ni senta wangu, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, sentimita 211, miaka 20. Jina lake alipewa na kompyuta, hili la Mnara nimempa mimi siku nilipomchagua akiwa na miaka 18. Wakati ule alikuwa na ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 7, ulinzi wa ndani 6, pasi 4 na kumiliki mpira 3. Kijana wa namna hiyo kwa kawaida huanzishiwa mazoezi ya mtupo wa ndani, ule wa karibu na kikapu, wiki ileile, na baada ya misimu miwili tayari ni mfungaji. Mimi nilitaka kitu kingine: senta ambaye akiwa uwanjani, wale wanne wengine wanacheza vizuri zaidi.

Wazo hili lilinijia kwa Wilt Chamberlain. Kila mtu anakumbuka pointi zake 100 katika mechi moja mwaka 1962. Mimi kilichonikaa kichwani ni msimu wa 1967–68, alipoongoza ligi nzima ya NBA kwa jumla ya asisti (pasi zinazozaa kikapu), 702, naye ni senta. Kisha kuna Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2014, ambaye mwaka 2023 aliiongoza Denver Nuggets kutwaa ubingwa wao wa kwanza huku mashambulizi yote yakipitia mikononi mwake. Nilitaka kuona kama mchezo wa kusimamia timu nao unamlipa mtu wa aina hiyo.

Kilichoniamulia mpangilio wa mazoezi ni mshahara. Katika mchezo huu mshahara hupangwa kwa nafasi inayomfaa mchezaji zaidi. Kwa senta, vinavyoupandisha ni mtupo wa ndani, ulinzi wa ndani na ribaundi. Pasi na kumiliki mpira huugusa kidogo sana. Ukianza na vitu vya ndani, utakuwa na kijana ghali ambaye bado hajui kutoa pasi, na kila wiki ya kumfundisha utailipia mshahara wa mtu aliyekomaa. Tena umri unahesabika: wa miaka 18 hushika haraka kuliko wa 22. Kwa hiyo pasi ndizo za kwanza, kikapu kitasubiri.

Shida ni kwamba mazoezi hufuata dakika na nafasi. Ili afaidike kikamilifu na zoezi la pasi, lazima kwa wiki acheze dakika 48, yaani mechi nzima, kama mchezesha timu, yule mlinzi anayeupandisha mpira na kuugawa, na urefu wake unamchelewesha, kwa sababu warefu hujifunza polepole mambo ya walinzi. Msimu wa kwanza nilimpanga hivyo hata kwenye mechi za ligi. Yalikuwa maumivu. Kuna mechi moja alipoteza mpira mara 9, mlinzi mfupi wa wapinzani akimpokonya katikati ya uwanja kama anayechuma embe, tukafungwa kwa tofauti ya pointi 31. Usiku ule nilikuwa na kidole kwenye kitufe cha kumuuza.

Sikumuuza. Nilibadilisha ratiba tu: mechi ya kirafiki ya katikati ya wiki anacheza dakika zote 48 kama mchezesha timu, na ya ligi anarudi chini ya kikapu. Kama unalea senta wa namna hii, anza hivyo tangu wiki ya kwanza. Mimi nilipoteza karibu nusu msimu kabla ya kuliona.

Sasa mechi ya wiki iliyopita, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika leo. Zimebaki dakika tatu na kidogo katika robo ya nne, tunaongoza kwa pointi 2, wapinzani wamekaa kwenye zoni ya 2-3, yaani kila mmoja analinda eneo lake, wawili mbele na watatu karibu na kikapu. Maelezo ya mechi yanasema Mnara amepokea mpira kwenye mstari wa mitupo huru. Senta wao anatoka kumkabili. Fowadi wangu anakimbia kwa nyuma kando ya mstari wa mwisho, mpira unamfuata, anauweka kikapuni bila mtu mbele yake. Shambulizi linalofuata, mpira unaenda palepale. Safari hii senta wao anabaki nyuma na mabeki wawili wanamkimbilia Mnara, naye anautoa kona kwa mlinzi wangu aliyesimama peke yake. Pointi tatu. Tukaongoza kwa 7 na zoni yao ikavunjika.

Mnara alimaliza na pointi 9, ribaundi 11, asisti 7, na mpira aliupoteza mara 2 tu. Ukitazama pointi utasema alikuwa na siku ya kawaida. Lakini fowadi yule, aliyekuwa akiingiza asilimia 41 ya mitupo yake msimu uliopita, sasa yuko 47, na ujuzi wake wa kutupa haujapanda hata ngazi moja. Anapata tu mpira mahali pazuri zaidi. Nimefurahi kwa ajili yake kuliko nilivyofurahia ushindi.

Kinachonisumbua ni kuzuia mitupo. Kuko 4 na hakujaguswa kabisa. Mechi mbili mfululizo tumekutana na masenta wenye nguvu na wamefunga juu yake watakavyo. Nilifikiria kumhamishia huko sasa hivi, ila mtupo wa ndani nao uko 7, na senta asiyetisha kikapuni hakuna atakayetoka kumkabili, hivyo ile pasi ya nyuma haitakuwepo. Nadhani mtupo wa ndani utangulie, hadi 10, halafu ndipo kuzuia.

Kabla ya hapo, kumiliki mpira kuko 6 na nakutaka 7 msimu huu usijaisha. Mechi ya kirafiki ijayo nimeshampanga: mchezesha timu, dakika 48, hakuna wa akiba kwenye nafasi yake.