Dole gumba la bibi

Jumamosi nilikwenda kurejesha laini yangu ya simu iliyopotea. Kijana anayekaa chini ya mwavuli pale Chikongola, Mtwara mjini, akanisogezea kimashine chake. "Weka dole gumba, mama." Nikaweka. Kikatoa mlio mara moja. "Imesoma," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nilifika kona ya soko miguu ikagoma. Nikakaa kwenye kibaraza cha duka la watu nikalia, mpaka mama mmoja muuza mabibo akanisogelea kuuliza kama nimeibiwa.

Imesoma. Bibi yangu hakuwahi kuambiwa neno hilo.

Ilikuwa Novemba 2007. Bibi ndiye aliyekuwa akinilea, kule Newala, mkoani Mtwara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, shule ya kutwa, ada shilingi 20,000 kwa mwaka, na bibi aliipata kwa kubangua korosho. Alama zangu hazikunifikisha kidato cha tano, na mimi nilitaka umeme wa majumbani tangu zamani. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza 2005, lakini ilikuwa ya wanaokwenda vyuo vikuu. Mtoto wa Newala anayetaka kushika praizi na tesita hakuwa na bodi. Mwalimu wangu wa fizikia ndiye aliyeniletea fomu ya shirika lililokuwa likisomesha vijana wasio na uwezo kwenye vyuo vya ufundi. Wanalipa ada, bweni, chakula na vifaa, miaka miwili. Sharti lilikuwa moja: mwombaji afike ofisini kwao Mtwara mjini pamoja na mlezi wake.

Shida ikawa nauli. Msimu ule ndio stakabadhi ghalani ilikuwa inaanza kwetu: unapeleka korosho chama cha msingi, unapewa karatasi, hela unaisubiri. Bibi hakuwa na muda wa kusubiri. Aliuza madebe mawili kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, usiku, kwa bei ambayo hata leo sitaki kuitaja. Alfajiri tukapanda basi, sisi na balozi wetu wa nyumba kumi aliyekuwa na safari zake mjini na barua yetu ya utambulisho mfukoni. Lami ilikuwa bado. Tulishuka Mtwara nyusi zimejaa vumbi jekundu.

Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia bibi, akampa kiti, akauliza maswali yake vizuri tu. Kisha akaifungua pedi ya wino wa buluu.

"Bibi, unajua kusaini?"

"Sijui, baba."

"Basi dole gumba linatosha."

Akalishika dole la bibi, akaligandamiza kwenye pedi, akalibingirisha ndani ya kisanduku. Likatoka doa. Doa tupu la buluu, halina hata mstari mmoja. Akalifuta kwa pamba yenye spiriti, akarudia chini kidogo. Doa. Akajaribu la kushoto. Doa. Akajaribu kidole cha shahada, safari hii taratibu, akiwa amebana pumzi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Doa.

Asiyewahi kubangua korosho nyumbani hataelewa. Unazikaanga juu ya bati lililotobolewa, ganda linatoa mafuta meusi, mafuta yanashika moto, moshi unachoma macho, unazimwagia mchanga. Zikipoa unakaa chini na jiwe, unagonga moja moja. Mafuta yaliyobaki kwenye ganda yanakula ngozi. Majivu yanasaidia, ila kidogo. Bibi alikaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Ngozi ya ncha za vidole vyake ilibanduka ikaota, ikabanduka ikaota, mwishowe ikaota tupu, ngumu na inayong'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nilikuwa nimelala kando ya mikono ile maisha yangu yote, na sikuwahi kuitazama.

Bibi aliyaangalia yale madoa manne. Akasema polepole, "Nisamehe, mwanangu. Vidole vyangu vimekwisha."

Alikuwa anamwomba radhi ofisa. Halafu akaificha mikono chini ya kanga.

Yule kijana hakuwa mbaya, naomba hilo lieleweke. Alisema wakubwa wake hawataipokea fomu ya namna ile, watadhani imegushiwa. Akachungulia barazani, akamwona balozi. "Huyu mzee anaweza kusaini?" Anaweza. Fomu mpya ikatolewa. Kwenye mlezi likaandikwa jina la balozi, kwenye uhusiano ikaandikwa mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, hakuna aliyehoji. Bibi akasimama kumpisha kiti.

Nafasi nilipata. Januari nikaanza chuo, miaka miwili ikaisha, nikatoka na cheti na sanduku la vifaa, na tangu hapo sijamwomba mtu hela ya kula. Nimefanya wayaringi nyumba za Mikindani, za Naliendele, mpaka Lindi. Umeme ulipofika kijijini, nyumba ya kwanza niliyoifunga ilikuwa ya bibi. Swichi ya chumbani niliishusha kidogo, usawa wa bega lake. Aliibonyeza kwa dole lile lile, akazima, akawasha, akazima.

Ufadhili ule ulinipa maisha yangu, na nitalisema hilo popote. Ila natamani kila fomu ya ufadhili iwe na nafasi ya kuandika jina la mtu aliyelipa kabla ya mfadhili.

Maana mfadhili wangu, mama mmoja wa Ujerumani, aliniandikia barua kila muhula, na kila barua ilimalizikia hapo: msalimie mjomba wako, mwambie tunamshukuru kwa malezi. Nikirudi likizo bibi ananiuliza, "Amesemaje?" Namjibu, "Anakusalimu, bibi." Nikikaa kuandika majibu naandika: mjomba anakusalimu. Barua sita. Niliogopa kwamba nikisema ukweli utaonekana uongo, na ufadhili utakatwa. Baadaye ufadhili ulikwisha na sikuwa na cha kuogopa, na bado sikuandika.

Bibi alifariki 2016, mwaka ule ule ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa.

Juzi Jumapili nilikaa na karatasi. Anwani ya yule mama ninayo. Nimeandika mstari mmoja: Sikuwa na mjomba, nilikuwa na bibi. Sijui kama yupo hai. Sijui pia kama ni haki kumharibia mtu shukrani aliyoitoa kwa moyo safi, eti mimi nipumue.

Fomu iliyoharibika ofisa alitaka kuitupa, mimi nikaiomba. Ipo kwenye bahasha ya cheti changu, na madoa yote manne bado ni ya buluu. Nilifikiri niitie ndani ya barua, ayaone kwa macho yake. Nikaitoa, nikaikunja, nikaikunjua. Ndiyo karatasi pekee niliyo nayo iliyowahi kuguswa na bibi.