Ile 160 ya rangi ya mashua

Jumamosi nilimsindikiza mjomba kununua rangi, mashua yake iko juu mchangani tangu kusi ianze na mbao zimeanza kuonekana. Mkebe mmoja, shilingi 1,160. Mjomba huwa hatupi risiti hivi hivi, akaikunjua pale pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hii 160 hapa chini ni ya nini?" Nikamwambia hiyo ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, inaenda Nairobi kwa serikali kuu. Akaniuliza, "Na Malindi yabaki na nini?" Sikuwa na jibu la haraka, nikabeba mkebe tukaenda zetu.

Usiku nikampigia shemeji yangu anayeishi Texas, Marekani, manake alishawahi kuniambia kuhusu kodi ya mauzo ya kule. Ukinunua kitu cha dola 100 serikali ya jimbo inachukua 6.25, alafu mji na mamlaka zingine za pale pale wanaruhusiwa kuongeza mpaka dola 2 na hizo zinakuwa zao. Mkusanyaji ni mmoja, ofisi ya mhasibu mkuu wa jimbo, lakini fungu la mji linarudishwa kwa mji kila mwezi. Na tangu 1989 sheria inaruhusu mji utenge sehemu ya hiyo kodi iwe ya kukuza uchumi tu, kuleta viwanda na ajira, 1991 wakaongeza aina ya pili inayoweza kujenga hata bustani na viwanja vya michezo. Kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba baraza haliwezi kujiamulia, lazima wakaazi wapige kura kwanza.

Na wanaitetea haswa. Bunge la jimbo likikaa pale Austin, miaka ile ya witiri, miji huwa macho isije ikapita sheria ya kuwabana, mameya wanafunga safari kwenda kujieleza mbele ya kamati. 2021 miji ya Round Rock na Coppell ilienda mpaka kotini kumshtaki huyo mhasibu mkuu kwa kubadilisha kanuni ya kodi ya vitu vinavyonunuliwa kwa intaneti, ihesabiwe mji wa muuzaji ama mji wa mnunuzi. Mji unaishtaki serikali kwa ajili ya kodi yake jamani!

Sisi hapa Kenya kodi ya mauzo ilianza 1973, 1990 ikageuka VAT, na miaka yote hiyo ni ya serikali kuu. Katiba ya 2010 kifungu cha 209 kimeziachia kaunti reti za ploti, kodi ya burudani na ada za huduma. Najua kuna ule mgao, angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu kwa kaunti zote 47, lakini unaingia kaunti ya Kilifi na Malindi, manispaa tangu zamani, inangoja kama wengine. Kwa hivyo mji ukitaka pesa yake unamgeukia mama wa samaki, ushuru wa kila siku auze asiuze, na leseni ya kinyozi, na parking ya tuktuk. Hoteli zikijaa Disemba na wageni wakitumia pesa mpaka usiku, soko letu halipati hata bati moja kwa sababu ya hiyo Disemba.

Kuna mtu ataniambia basi Malindi itatajirika na Magarini, jirani zetu kwenye kaunti hii hii, ibaki vile vile. Ni kweli na inaniuma, kwa sababu watu wa Marafa na Gongoni ndio hao wanashuka na matatu kununua mabati na simiti hapa kwetu, VAT yao inahesabiwa duka la Malindi. Mimi naona fungu likibaki pwani hii nusu ifuate barabara irudi kwao, na hilo pia tulipigie kura sote pamoja, wao na sisi. Mji kukosa kabisa sio dawa ya Magarini, hata leo tunakosa na Magarini bado haijapata.

Mjomba amemaliza ubavu mmoja, anataka mkebe mwingine. Risiti ya kwanza nimeiweka kwenye kabati, kikao cha wananchi cha bajeti kikiitishwa naenda nayo na nitaomba kipaza sauti niulize swali la mjomba vile vile alivyoniuliza mlangoni.